Ubao wa Nne kwenye Mlango wa Maji: Kumuaga Bwana Kuwabara Shigemi

Bwana Kuwabara Shigemi, mlinzi wa mlango wa maji wa Tochikura, anastaafu tarehe 31 Machi 2024 baada ya kututumikia kwa majira arobaini na sita ya baridi. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ana sitini na tano, goti lake la kushoto halikunjiki, na bado ndiye mtu pekee kijijini anayeweza kusikiliza maji yanavyonguruma chini ya vifuniko akajua kuwa kuna mtu wa mtaa wa Juu ametupa donge ambalo hakulipasua.

Ofisi ya kijiji imeniomba mimi, Otaki Seigo, niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwa mkuu wake wa kazi kwa miaka kumi na tisa, na kwa sababu wengine wote waliokuwapo ofisini siku alipoajiriwa wamekwisha kufa. Binti wa ofisini alinipigia simu akasema, "Mzee Otaki, nusu ukurasa tu. Maneno matamu, na kichekesho kimoja." Nimezidisha. Daktari wa mapafu ameniambia nisijisumbue kuagiza mafuta ya taa ya msimu ujao, kwa hiyo sioni sababu ya kubana maneno. Vichekesho vimo. Utamu, tutaona.

Kwa ajili ya wageni wa mkoani, ambao wakiona theluji huipiga picha kwanza kisha huuliza choo kiko wapi, nieleze kazi yenyewe. Kando ya barabara yetu kuna mfereji wenye vifuniko vya chuma. Maji ya kijito huingizwa humo kwa mlango ulio juu kabisa ya kijiji, na watu hutupa theluji ya paa na ya uani ndani yake ikachukuliwa mpaka mtoni. Maji hayatoshi mitaa yote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtaa wa Juu una saa yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kati huanza saa moja. Chini huanza saa mbili. Mchana huzungushwa tena. Nje ya saa yako hufungui kifuniko, hata theluji ikikuziba puani, na ndani ya saa yako unapasua kila donge mpaka liwe dogo kuliko kichwa cha mtu. Wa juu akikosea, wa chini anaogelea sebuleni. Hiyo ndiyo sheria yetu yote, na mlinzi wa mlango ndiye anayeishikilia.

Bwana Kuwabara alifundishwa na Mzee Nagai, mlinzi wa tatu, ambaye hakujua kufundisha bila kutukana. "We Shige, masikio umeyaacha kwenye blanketi? Sikiliza maji!" Wengine waliopelekwa kwa Nagai walitoroka kabla ya mwaka mpya. Shige alibaki. Msimu wa 1981, theluji ilipofika madirisha ya ghorofa ya pili na sisi tukawa tunaingia nyumbani kama panya, alikaa siku kumi na moja ndani ya kibanda cha mlangoni, akila keki za mchele alizochoma juu ya jiko la mafuta, akivunja barafu ya mlango kwa nyundo kila baada ya nusu saa ili usigande. Aliposhuka alikuwa na harufu ambayo mama yake alikataa kuiingiza ndani. Nagai alimtazama kutoka utosini hadi miguuni, akasema, "Haya. Sasa unaweza kuanza kazi."

Siku hiyohiyo Nagai alipigilia msumari wa nne juu ya mlango wa kibanda. Pale hutundikwa vibao vya walinzi wanapostaafu, jina na miaka yao: cha kwanza, cha pili, na baadaye cha Nagai mwenyewe. Mnavijua. Tunapita chini yake tukiinamisha kichwa, na hiyo ndiyo heshima pekee ambayo kijiji hiki hutoa bila kulalamika.

Kulalamika tunakuweza. Kwa miaka arobaini na sita Bwana Kuwabara amesikiliza upuuzi ambao ungemfanya mtu mwingine afungulie maji yote usiku na kuhama. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa Kati aliyeandika barua kumi na saba kudai kwamba Juu wanapewa dakika mbili zaidi. Shige alimpelekea saa ya ukutani, akamwomba awe anampigia simu dakika zikiisha. Mwalimu alipiga simu siku tatu, siku ya nne akalala kupita saa yake mwenyewe. Kulikuwa na bwana kutoka Tokyo, aliyenunua nyumba ya babu wa watu ili aje kupumzika, akapiga simu ofisini kuuliza kama theluji haiwezi kuondolewa kwa utulivu zaidi. Shige alimjibu kwa adabu, "Bwana, imeshuka bila kelele. Ukiiacha ilipo haitakusumbua." Mwezi wa tatu bwana yule alitolewa kwa kupitia dirishani.

Na sauti yake kwenye vipaza sauti vya kijiji mnaijua kuliko sauti za wake zenu. "Chini, saa yenu. Pasueni madonge. Angalieni vidole." Hajawahi kuongeza neno. Wenyeviti watano wa kijiji wametumia vipaza sauti vilevile kutueleza mafanikio yao, na sikumbuki hata moja.

Sasa nifike mahali ambapo wasifu wa kawaida ungeruka.

Katika faili la Bwana Kuwabara kuna barua ya onyo ya tarehe 21 Februari 1994. Inasema kwamba tarehe 17 Februari, saa tano asubuhi, alifungua maji nje ya ratiba bila kibali, kwa uzembe, na kusababisha mfereji kufurika na nyumba tano za mtaa wa Chini kuingia maji. Wengi wenu hamjaisoma barua hiyo, lakini mmeila na kuinywa. Kwa sababu yake mmemwita Mafuriko kwa miaka thelathini. "Mafuriko anapita, vueni viatu!" Nimewasikia. Mmoja wenu alimwita hivyo kwenye mazishi ya mama yake Shige, akadhani ni mzaha mzuri.

Barua hiyo niliiandika mimi, na ni uongo kuanzia salamu hadi mhuri.

Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo, zaidi ya kimo cha mtu. Watu wa Chini, ambao wengi walikuwa wazee hata wakati huo, walishindwa kuimaliza ndani ya saa yao. Saa nne na nusu Shige alinipigia simu nyumbani. "Mkuu, Chini wamezidiwa. Niwape saa ya ziada, saa tano mpaka saa sita?" Nikamwambia, "Fungua." Neno moja. Alilitii.

Mimi sikuwa ofisini kwa sababu nilikuwa na wageni wa mkoani wanaokuja kukagua barabara, na nilikuwa nimejipendekeza kwao kwa kuwaalika kula kwangu. Mke wangu Fumie alikuwa jikoni na samaki wa mtoni na figili zilizochachushwa. Theluji ya paa ilikuwa imeporomoka na kuziba mlango wetu wa mbele. Nikafikiria aibu ya wakubwa kuingilia mlango wa jikoni. Kisha nikakumbuka kwamba maji yanapita.

Yalikuwa maji ya Chini. Nyumba yangu iko Juu. Nilitoka na koleo la mbao la babu yangu, lenye alama ya nyumba yetu iliyochomwa kwa chuma, nikafungua kifuniko nje ya saa yangu, nikaanza kutupa. Sikupasua. Mimi niliyeandika kanuni ya kupasua, niliyeibandika ukutani katika nyumba mia na arobaini, nilisukuma madonge makubwa kama mapipa kwa sababu nilikuwa sijavaa tai. La mwisho lilikwama. Nikalisukuma kwa koleo, likaenda, na koleo likaenda nalo. Theluji ilikuwa inaanguka nzito kiasi kwamba hata nyumba ya jirani haikuonekana. Nikarudisha kifuniko, nikaingia ndani kufunga tai.

Tulikuwa kwenye supu simu ilipolia. Madonge yangu yalikuwa yamesimama kwenye wavu wa chuma wa mfereji, kona ya muuza tofu ya soya, na maji yalikuwa yamepanda barabarani yakateremka Chini. Nyumba nne zilipata maji ya kifundoni. Ya tano, ya Mama Haruno, iliyokuwa kwenye bonde, ilipata maji ya magotini. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane, anaishi peke yake. Walimkuta amesimama juu ya sanduku la nguo, amekumbatia picha ya mumewe, anawatukana waokoaji kwa kuchelewa. Jioni maji yaliganda ndani ya nyumba yake. Binti yake alikuja akamchukua kwenda mjini, kwa wiki mbili, walisema. Hakurudi. Nyumba isiyo na mtu wa kuteremsha theluji ya paa haidumu hapa. Ile ilidumu majira matatu ya baridi, ikalala. Haruno alifia kwenye chumba cha ghorofa ya sita, mahali ambapo hakuna theluji, akimlaumu Shige. Binti yake ndiye aliyeniambia. Nilimwitikia kwa kutikisa kichwa.

Mkutano wa kijiji ulifanyika ukumbini, humuhumu mtakamokaa mkisoma karatasi hii. Muuza tofu alisimama akapiga kelele, "Ulikuwa umelala, Shige? Au ulikuwa umelewa? Nani alikwambia ufungue?" Shige alinitazama. Mara moja tu, si kwa muda mrefu. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikaanza kuichunguza. Basi akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, akasema, "Mlango ni wangu. Naomba radhi." Mkaridhika sana. Watu waliokuwa wakiiba dakika kila siku walirudi nyumbani wakijiona wasafi. Nilitembea katikati yenu, msafi kuliko wote.

Wiki mbili baadaye nilirudi nyumbani nikakuta koleo la babu yangu limetundikwa kwenye ndoano yake ukumbini mwa nyumba. Limeoshwa, limekauka. Fumie akaniambia, "Shige alipita. Kasema mbao ya namna hii ikilowa sana hupasuka, kwa hiyo mzee alipake mafuta." Kisha akanitazama, akauliza, "Koleo letu lilikuwa wapi?" Nikasema nililiazimisha. Fumie si mjinga. Hakuniuliza tena, na kwa mwezi mzima aliniwekea chai bila kunikaribisha.

Kwa hiyo alijua. Alikuwa amelikuta kwenye wavu, na alama ya nyumba yangu juu yake, siku ileile, kabla ya mkutano. Angeweza kulibeba mpaka ukumbini akaliweka mbele yenu na asiseme neno.

Nilingoja anidai. Mtu kama mimi hungoja kudaiwa, ndivyo anavyoielewa dunia. Na kweli alianza kuja ofisini. Aprili alileta ombi la wavu mpya pale kwa muuza tofu, unaoinuliwa kwa mnyororo. Nilikuwa nimelikataa mara mbili. Safari hii nilisaini kabla hajakaa. Vuli akaleta ombi la kupanua kona. Nikasaini. Mwaka uliofuata, mlango wa pili wa dharura, na mdomo wa kumwaga maji mtoni yakizidi. Nikasaini, nikapigana na mkoa mpaka wakakubali. Kisha akaleta ombi la saa ya wazee: saa tano asubuhi, kila siku ya theluji nzito, Chini wafungue maji kwa utulivu wao, kwa ratiba, kwa kibali cha maandishi. Hilo nalo nilisaini.

Mwaka 1996 mkoa ulitupa tuzo ya mfereji bora wa theluji. Bango liko ukutani mwa ukumbi huu, kushoto kwa saa. Jina lililo pale ni langu. Hakuna hata skrubu moja ndani ya kazi ile iliyotoka kichwani mwangu. Nilihutubia dakika ishirini.

Siku yangu ya mwisho kazini, Machi 1997, nilipanda mpaka kibandani. Alikuwa anakula keki ya mchele. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akatafuna mpaka akamaliza, kisha akanijibu, "Ningesema, mkuu, wangekufukuza. Angekuja mwingine kutoka mjini. Ningeanza upya kumweleza wavu ni nini." Nikamwambia sasa nimestaafu, hakuna tena cha kusaini, nitasema mwenyewe. Akajibu, "Sawa, mkuu." Akanimiminia chai.

Hiyo ni miaka ishirini na saba iliyopita. Kila mwaka tumepeana salamu za mwaka mpya, na hakuna mwaka hata mmoja alioniuliza. Nilijiambia kwamba nangoja wakati unaofaa. Ni jambo la kuchekesha jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kungoja. Nilimngoja binti wa Haruno afe. Akafa. Nikamngoja muuza tofu afe, ili asiaibike. Akafa pia, hana habari hata kidogo. Juzi nilipochukua kalamu, Fumie aliniletea miwani na kusema, "Leo ndiyo unaandika? Umengoja mpaka na meno yaishe."

Kilichoniinua ni simu ileile ya binti wa ofisini. Nilimuuliza kama ubao wa nne umekwisha kuchongwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Hatatundikiwa, Mzee. Kuna kanuni. Mwenye barua ya onyo hatundikiwi." Anasema kweli. Kanuni hiyo ya mwaka 1988 niliiandika mimi. Nilikuwa hodari wa kanuni.

Basi haya ndiyo ninayotamka mbele yenu nyote, kwa akili timamu na mapafu mabovu. Bwana Kuwabara Shigemi alifungua maji tarehe 17 Februari 1994 kwa kibali changu. Mfereji uliziba kwa madonge yangu. Nyumba ya Mama Haruno iliangushwa na mimi. Barua ya onyo ni ya kughushi, na aliyestahili kuitwa Mafuriko miaka yote hii ni mimi. Kama mzaha huo bado mnaupenda, mimi naishi nyumba ya tatu kutoka juu, piteni mnitanie, nitafungua dirisha. Bango la tuzo literemsheni. Nyuma yake ukuta utakuwa na doa jeupe. Liacheni.

Tamko hili, kwa saini na mhuri, liko kwa mwenyekiti wa kijiji tangu tarehe 4 Machi. Amenijibu kwa upole kwamba jambo la zamani kiasi hicho linahitaji kikao. Kaeni kikao. Wekeni na chai. Mimi sina muda wa kuwangoja, na msumari alioupigilia Nagai umekaa mtupu tangu 1981.

Mwezi uliopita nilimwita seremala Hirasawa, nikampa koleo la babu yangu. Nilimwambia akate mpini, apige randa bapa lake, achonge jina: Kuwabara Shigemi, 1978–2024. Alikuwa mwangalifu sana, kijana mzuri. Alipofika kwenye alama ya nyumba yetu iliyochomwa pembeni, alisita.

"Hii niifute, Mzee? Randa mara tatu tu, itaondoka."

"Iache."

"Watu watauliza alama ya Otaki inafanya nini kwenye ubao wa Shige."

"Ndiyo maana."

Akaukagua ubao kwa kidole gumba, akastaajabu kwamba mbao ya miaka tisini, iliyolala kwenye maji, haina ufa hata mmoja. Nimeipaka mafuta kila vuli kwa miaka thelathini, kama mwenyewe alivyoagiza. Ni agizo lake pekee nililolitimiza kwa wakati.

Tarehe 31 Machi, saa tisa alasiri, Bwana Kuwabara atatangaza saa kwa mara ya mwisho, kisha atafunga mlango wa maji. Akitoka kibandani ainue macho. Ngazi za kule ni mia moja na kumi na mbili na bado zina barafu. Nilisema nitapanda mwenyewe. Fumie, ambaye ana miaka themanini na nne, ameuviringisha ubao kwenye kitambaa, amevaa viatu vyake vya kucha za chuma kuvijaribu sebuleni, na amesema, "Nitaupeleka mimi. Wewe utachelewa tena."

Bwana Kuwabara, kijiji hakikushukuru, na mimi niliyekuwa na deni kuliko wote ndiye niliyenyamaza kuliko wote. Asante kwa mlango, kwa wavu, kwa saa ya wazee, ambayo baadaye ilifika hata Juu na msimu huu ilinitumikia na mimi. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi ya sherehe. Nakutakia, na wenye haya miongoni mwetu wanakutakia, goti lisilouma, chai isiyopoa, na majira mengi ya baridi ya kulala mpaka jua litoke, mtu mwingine akisikiliza maji, na saa yoyote utakayoamka iwe saa yako.